Mkalimani Tuliyempima Hotelini

Vijana wangu wa Kibera na Kawangware, nyinyi mnaonipita mlangoni mkinisalimia mimi bibi yenu "niaje shosho" huku macho yako kwenye simu, hebu simameni kidogo. Nasikia siku hizi kila mtu ana shughuli na Mchina. Huyu anamuuzia mchanga, yule anamkodishia lori, mwingine dada yake anafua nguo kambini kwao. Na kila mara anatokea mmoja wa kuniuliza, "Shosho, wewe ulikaa na Wachina zamani, si unitafutie mkalimani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nawaandikia wote mara moja. Msitegemee kucheka sana.

Miaka ya themanini nilifanya kazi na Wachina waliokuja kuchimba mtaro wa bomba la maji machafu, upande wa juu wa Kawangware. Nilikuwa natoka Makina, huku huku Kibera, kwa miguu, navuka Ngong Road viatu vikiwa mkononi kama kuna matope, nafika kabla moshi wa jiko la kambi haujapanda. Nilianza kama mpishi wa chai na githeri, mahindi na maharagwe ya vibarua. Baadaye nikawa mkalimani. Mwisho kazi yangu ikabaki moja tu: kuwapima wakalimani wa watu wengine. Mtu akitaka kuajiri, ananiita nimsikilize huyo anayetaka kazi. Niliwakataa wengi kuliko niliowapitisha. Wako ambao hawanisalimii mpaka leo, na mimi sijali.

Jambo la kwanza, usiulize kama mtu anajua Kichina. Uliza anajua Kichina gani, na Mchina wako ametoka upande gani. Uchina si kijiji. Kile cha shule na cha serikali yao ni Kimandarini, na wasimamizi wengi wa mitaro na barabara huja nacho. Lakini mtu wa kusini ana chake cha nyumbani, na hicho si kwamba ni Kimandarini kilichopinda kidogo. Ni lugha nyingine kabisa masikioni. Mimi nilielewa kwa sababu ya Makina. Wenye nyumba wangu walikuwa Wanubi, na Kinubi chao kimezaliwa na Kiarabu. Lakini siku mwalimu Mwarabu alipotembelea msikiti, mama mwenye nyumba alishika neno moja, akaacha matatu, mwisho akaona ni heri amletee chai tu anyamaze.

Halafu kuna kituko. Hao Wachina wawili wasioelewana wakisema, wape gazeti moja, kila mmoja atalisoma mpaka mwisho. Maandishi yao yanabeba maana, si sauti. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani nachezewa. Kwa hiyo kusoma kwao ni kazi moja, na kusema ni kazi nyingine. Yuko anayesoma mkataba wote vizuri lakini akisimama mbele ya msimamizi anakuwa bubu. Na yuko wa kuongea siku nzima lakini ukimpa karatasi anaigeuza juu chini. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Ukiwa na karatasi, tafuta wa karatasi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani, Mnubi wa Makina, mwembamba, kofia yake haikosi. Aliwahi kuendesha lori kule Tanzania Wachina walipojenga reli ya kwenda Zambia, akarudi na Kimandarini mdomoni na kikohozi kifuani. Ndiye alikuwa mkalimani wa mtaro wetu. Alikuwa akija kunywa chai yangu, nami nilikuwa namchokonoa anipe maneno.

Kimandarini kina kupanda na kushuka kwa sauti, na sauti ikibadilika neno limebadilika. Sisi Wakamba tunayo mambo ya sauti pia, nikajiona nimeshafika. Siku moja nikamwambia mpishi wao kwamba naenda kununua mboga. Kununua na kuuza kwao ni karibu kitu kimoja, kinachotofautiana ni sauti tu. Yule mpishi akasimama akaziba kabati la mboga kwa mgongo wake. Nilikuwa nimemwambia naenda kuuza mboga zake. Mzee Ramadhani alicheka mpaka akakohoa. "Unaimba vizuri, Mama Mwende," akasema, "ila huo ni wimbo mwingine."

Msimamizi wa mtaro alikuwa Mista Li. Siku moja Mzee hakuwepo, Li akataka saruji. Akainua kidole gumba na kidole cha shahada, vingine amevikunja. Vijana wakabeba mifuko miwili. Akatikisa mkono ule ule. Wakairudisha ile miwili, wakaleta miwili mingine, wakidhani ameikataa ya kwanza kwa ubaya. Kumbe kwao vidole hivyo ni nane. Wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Na zikija hesabu kubwa, wao hawazipangi kwa maelfu kama sisi, wanazipanga kwa makumi elfu. Mkalimani akikutajia idadi kubwa ya matofali kwa kasi bila kumeza mate, mtilie shaka. Mzuri husimama, anajiandikia kiganjani, ndipo anafungua mdomo.

Tena neno lao la kitendo halivai wakati. Sisi mtu akisema "amekuja" au "atakuja", umeshajua upike au usipike. Kwao neno ni lile lile, wakati unawekwa pembeni: jana, kesho, tayari. Mkalimani asiyeuliza "lini?" atakufanya ungoje leo gari la wiki ijayo.

Hayo yote mtu anaweza kujifunza na kukosea na kesho akarekebisha. Kuna lingine ambalo halikurekebishwa.

Nilikuwa na ndugu, Kioko, kitinda mimba wa mama yetu. Nilimbeba mgongoni kule Kitui nikiwa mimi mwenyewe sijamaliza kukua. Nairobi alikaa kwangu, chumba kimoja, pazia katikati, watoto wangu wakipigania kulala upande wake kwa sababu alikuwa na hadithi. Kazi yake ilikuwa kuchimba mtaro, na aliijua. Alikuwa akishuka chini, anagonga ukuta wa udongo kwa ngumi kama anayebisha hodi, anasikiliza. Vibarua wengine hawakushuka kabla Kioko hajabisha.

Mzee Ramadhani akalazwa na kile kifua. Mtaro ukabaki bila mdomo. Nyapara wetu akasema tusikae tunangoja, tutafute mwingine, na tumtafute wenyewe, tusiletewe mtu wa ofisi asiyetujua. Wakasikia habari za kijana mmoja, Wafula, aliyekuwa akihudumu katika hoteli ya Mchina mjini. Nyapara akaenda kumpima na vibarua kadhaa, Kioko akiwa mmoja wao. Hawakuingia kwa mlango wa mbele, walikuwa na matope. Walisimama mlango wa jikoni wakamsikiliza Wafula akiongea na mwenye hoteli.

Kioko alirudi amefurahi kama aliyeoa. "Dada, yule jamaa ukifumba macho utaapa ni Mchina! Mwenye hoteli alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi."

"Walikuwa wanaongea nini?" nikauliza.

"Nitajuaje? Lakini walikuwa wanaongea!"

Kipimo chao ndicho hicho. Wakampigia makofi pale pale jikoni, wakamleta Kawangware wakiimba, naye amevaa tai. Hakuna aliyeuliza yule mwenye hoteli ametoka wapi. Kwetu sisi Mchina alikuwa Mchina. Mwenye hoteli alikuwa mtu wa kusini, na Kichina cha Wafula kilikuwa cha kusini, alichookota miaka yote kati ya sahani na meza. Mista Li alikuwa wa kaskazini.

Mtaniuliza, mbona hamkugundua siku ile ile? Nami nilijiuliza sana. Jibu ni kwamba kazi ikienda vizuri haihitaji lugha. Li anaonyesha kidole, mtu anachimba. Li anavuta kamba, mtu anafuata kamba. Wafula anasimama katikati anasema kitu, Li anasema kitu, kazi inaendelea, kila mtu anaona mkalimani anafanya kazi. Lugha inahitajika siku mambo yameharibika.

Mvua za masika zikaja. Mtaro ulikuwa umefika mahali palipojazwa udongo wa kumwagwa zamani, si ardhi yenyewe. Asubuhi Kioko alishuka akabisha ukuta, akapanda. Akanionyesha ufa juu kwenye ukingo, umetambaa kando ya mtaro kama mshono.

"Hapa panataka mbao," akasema. "Mbao za kukinga kuta, pande zote mbili. Bila mbao hapa hapafai." Akamwita Wafula. "Ndugu, mwambie Mista Li kuta zinatoa maji. Alete mbao, leo."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika la chai, niliona kwa macho yangu. Wafula alienda akaeleza, mikono ikipanda na kushuka. Mista Li alimsikiliza amekunja uso, akiitikia kwa kichwa, "mm, mm." Halafu Li naye akasema, polepole, maneno mengi, akionyesha mtaro. Wafula akaitikia kwa kichwa. Li akampiga bega, akakimbia kwenye lori, akamwambia kitu dereva. Lori likaondoka linarusha matope.

Wafula akarudi anatabasamu. "Amekubali. Lori hilo linaenda."

"Umesikia, nyapara?" Kioko akasema. "Leo tuna mtu." Akachukua beleshi. "Nashuka nisafishe chini, mbao zikija zikae sawa."

Nikampa chai yake. Nikamwambia, "Kioko, mvua ikirudi kabla ya hizo mbao, utatoka?"

Akanywa, akanirudishia kikombe. "Mmh," akasema, akashuka.

Ukuta uliposhuka haukulia kama mnavyodhani. Ilikuwa kama mtu ametua gunia la unga sakafuni. Halafu wanaume wakaanza kupiga kelele. Tulichimba kwa mabeleshi, halafu tukaogopa mabeleshi tukachimba kwa mikono. Mista Li alikuwa wa kwanza kuruka ndani. Alichimba mpaka kucha zikatoka damu, analia kwa lugha yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua anasema nini. Tulimtoa Kioko mdomo umejaa udongo. Nilimpangusa kwa leso yangu, lakini alikuwa ameshaenda.

Wakati tumemlaza, lori likarudi. Halikuwa na mbao hata moja. Mbele, kando ya dereva, alikuwa amekaa Mzee Ramadhani, amefungwa blanketi, ametolewa kitandani.

Alipoona kile kitanda cha mabati tulichomlazia Kioko alitaka kurudi ndani ya lori. Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mzee, muulize huyu mtu. Muulize alikubali nini." Nyapara, vibarua, wote wakasogea. Wengine walikuwa wameshika sululu, na siyo kwa ajili ya kuchimba.

Mzee akauliza, Li akajibu, Mzee akatuambia. Alikuwa anasimama kila mara kukohoa, na hakuna aliyeondoka.

"Anasema siku ya kwanza tu alijua kijana anaongea Kichina cha kusini, na yeye hakijui. Anasema nyinyi ndio mlimleta, mkiimba, amevaa tai. Angemwaibisha vipi mbele ya watu wake? Ameomba ofisini watafute mwingine kimyakimya, huyu aondoke bila kuvunjiwa heshima. Alikuwa anangoja."

"Na leo?" nyapara akasema. "Mwulize kuhusu leo!"

"Leo alimwona ana hofu. Hakuelewa hofu ya nini, ila aliona ni ya mtaroni. Akamwambia polepole: watu wote watoke, asishuke mtu, mpaka nimlete wa kunieleza. Anasema kijana aliitikia kwa kichwa. Ndipo akatuma lori Makina kunichukua mimi."

Wale wenye sululu waliziweka chini. Sote tukamgeukia Wafula. Alikuwa amekaa kwenye karai lililopinduliwa, tai yake imejaa matope, kwa sababu na yeye alikuwa amechimba.

"Mbona hukusema kama huelewani naye?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nashika neno moja moja, mama. Kama redio ya mbali. Nikasema nitazoea." Akashindwa kuniangalia. "Mlinipigia makofi. Mlitoka Kawangware mpaka mjini mkaja kunichukua mkiimba. Ningerudi nikawaambia nini?"

Hakuna aliyempiga. Ningetaka kuwaambia kwamba tulikuwa na roho nzuri, lakini ukweli ni kwamba hatukuwa na nguvu. Wachina walikuwa na adabu, sisi tulikuwa na adabu, Wafula alikuwa na adabu, na ndugu yangu alikuwa amelala kwenye mabati. Wafula alikuja matangani Makina siku zote, akakaa mlangoni, hakugusa chakula. Baadaye nilisikia amerudi kwao Bungoma. Mista Li naye alikuja, kofia mkononi, akainama mbele ya mama yangu.

Nilimuuliza Mzee Ramadhani jambo moja kabla hatujaondoka na mwili. Kwa nini yule Mchina aliitikia kwa kichwa na kusema "mm, mm" kama hakuelewa?

"Hiyo si kukubali," akasema. "Hiyo ni kukuambia nakusikia, endelea. Wao hawana hii 'ndiyo' yetu ya kubeba kila kitu. Ukimwuliza utakunywa, atakujibu nakunywa, au sinywi. Ukimwambia usishuke, jibu ni sishuki. Li alitakiwa kulisikia neno hilo. Hakulisikia, akaogopa kuliuliza tena."

"Na sisi je?"

"Sisi hiyo 'ndiyo' tunayo, Mama Mwende. Tunaitupa ovyo."

Tulipotoka kumzika Kitui nilienda kukaa kando ya kitanda chake Makina, nikamwambia anifundishe kila kitu alichobakiwa nacho. Alinifundisha mpaka kifua kikakataa. Sikuwahi kukijua Kichina vizuri, nisiwadanganye. Nilijua cha jikoni na cha mtaroni. Lakini nilijua kupima.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta mkalimani, fanya hivi. Usimpime kwa Mchina mwingine. Mpime kwa Mchina yule yule mtakayefanya naye kazi, wakae uso kwa uso. Usiwape habari za salamu na hali ya hewa, hizo hata kasuku ataziweza. Mwambie Mchina, kupitia huyo mkalimani, kitu ambacho unajua atakikataa. Wachina wengi hawatakupa "hapana" usoni. Watakuambia si rahisi, tutaangalia, tutafikiria. Sasa mwangalie mkalimani wako. Akirudi akakuambia "amesema atafikiria", amekuletea maneno. Akirudi akakuambia "amesema atafikiria, lakini naona amekataa", huyo mshike. Halafu mwambie aulize tena, na tena, mpaka nyote mkasirike kidogo. Anayeogopa kuuliza mara ya pili hafai, hata kama anaongea kama amezaliwa kule. Na akikuambia "hapo sikuelewa", usimcheke. Mpe kazi siku hiyo hiyo.

Na usimpigie mtu makofi kabla hajakuletea habari mbaya.

Siku tuliyorudi kutoka Kitui, chumba kilikuwa bado na pazia lake katikati. Mwende, binti yangu, alikuwa akiwasha jiko. Nikamwuliza kama ameosha sufuria. Akanijibu, "Mmh."

Nilivuta lile pazia nikaling'oa na kamba yake. Nikawaita wote, watoto wangu na binamu yao aliyekuwa akikaa kwetu, nikawasimamisha mbele ya kitanda cha Kioko. Walikuwa wananiogopa, na nilitaka waogope.

Nikawaambia: "Kuanzia leo, katika nyumba hii hakuna mtu wa kunijibu kwa kichwa, wala kwa mmh. Nikikuuliza umeosha, sema nimeosha, au sema sijaosha. Kama hukunisikia, sema sikusikia. Na nikikuambia usishuke, simama hapo uniangalie machoni, unijibu: sishuki."